Upande wa Pili wa Kaseti

Pembe ya okestra ndiyo iliyosikika kwanza. Ilipenya mngurumo wa cherehani na rumba ya duka la jirani, ikapanda juu ya mabati ya soko la Kamembe, na msichana aliyekuwa akichagua nyanya akaziacha zibingirike. Aliifuata sauti ile kama mtu anayefuata harufu ya kwao, mpaka kwenye kibanda cha kaseti.

"Juu ya nini banakimbia hivi?" aliuliza kwa ukali. "Bale ba violoni banafukuzwa na nani?"

Kijana wa kibanda aliinua kichwa. Aliitwa Védaste. Alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kwa wazazi wakimbizi kutoka Rwanda, akarudi nchini kwao baada ya mauaji ya kimbari. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi hata kola ingeweza kukata mkate, na kiburi chake kilimkaa vizuri kama shati hilo. Tangu arudi, hakuwa amekutana na mtu mwingine aliyeitambua simfoni ile ya kale ya Kijerumani.

"Habakimbie, Mademoiselle. Hivi ndiyo inapigwa. Weye uliisikia wapi?"

"Kwetu. Papa yangu alikuwa nayo. Yake inatembea."

"Basi radio yake ilikuwa na betri za kufa!"

"Papa yangu ndiye alikufa," alisema msichana. "Betri zilikuwa nzima."

Védaste akazima redio. 

Msichana huyo aliitwa Uwera, muuzaji katika duka la dawa lililo karibu na kituo cha mabasi. Baba yake alifundisha kwaya ya shule. Katika mwaka wa tisini na nne nyumba yao ilimalizwa yote, isipokuwa yeye na kaseti moja aliyoishika mkononi alipokimbia.

Kesho yake aliileta. Walikaa kwenye kigoda kimoja, kitenge chake cha manjano kikigusa suruali ya Védaste, wakasikiliza okestra mbili zikipiga simfoni moja. Ya Védaste iliwaka kama nyasi kavu. Ya Uwera iliburuta miguu, na pembe ilipofika ilisubiri, kana kwamba kuna mtu aliyeahidi kuja na bado hajafika.

"Huyu mwongozaji wako anasinzia," alisema Védaste.

"Na wako anakimbilia choo."

Wakacheka hadi fundi cherehani akawauliza kama walikuwa na ndoa au na wazimu.

Miezi ikapita hivyo. Védaste alikuwa akienda kwenye kabine ya simu, hatua chache tu kutoka duka la dawa, ili ampigie.

"Allô? Pharmacie? Muko na dawa ya muntu anapenda muziki ya konokono?"

"Hatuko nayo, Papa. Tuko na ya kiburi, lakini weye utamaliza stoki."

"Sheri, mpenzi wangu, siku moja utakubali yangu ni bora."

"Siku hiyo utanizika."

Neno hilo la mwisho lilimchoma. Védaste hakuweza kushindwa, hata na mpenzi. Akaomba kaseti ya Uwera kwa siku moja, akapanga kumshangaza: atanakili simfoni yake upande wa pili, ili Uwera ageuze tu kaseti, alinganishe, akubali. Alisikiliza mwanzo wa upande ule. Ulivuma tu, mtupu. Vile vijino viwili vya plastiki vinavyozuia kunakili juu yake vilikuwa vimevunjwa. Kila muuza kaseti anajua dawa yake: akasokota karatasi, akaziba matundu, akabonyeza kitufe chekundu.

Alimrudishia akitabasamu. "Geuza. Sikiliza upande wa pili."

Uwera aligeuza. Violoni zikaruka. Alisikiliza kidogo, kisha akaanza kusogeza kaseti mbele, nyuma, mbele tena.

"Iko wapi?"

"Nini, sheri?"

"Sauti ya Papa, upande huu. Alikuwa anafundisha bana ba kwaya ile sauti ya pembe. Alikuwa anaimba kwa mudomo, anakohoa, ananiambia nifunge mulango." Akainua macho. "Kila mara aliacha kaseti itembee kwanza, ndipo aseme. Iko wapi, Védaste?"

"Ilikuwa haina kitu. Nilisikiliza..."

"Ulisikiliza mwanzo! Vijino alivivunja yeye mwenyewe, ili muntu asiguse!"

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Nilikuwa naogopa hata kuisikiliza miye, isichakae. Nilikuwa naiweka."

Védaste alijaribu kila kitu. Alipeleka kaseti kwa mafundi, akaisikiliza hadi masikio yakauma, akitafuta chini ya okestra yake hata kikohozi kimoja. Hakukuwa na kitu. Alipiga simu duka la dawa. Kila mara simu ilikatwa. Mwishowe sauti ngeni ikamwambia Uwera ameacha kazi, anavuka kwenda kwa shangazi yake Bukavu.

Alimkuta kwenye daraja la mpakani la mto Rusizi, amevaa sweta ya kijivu, mfuko mmoja mkononi. Mto ulikuwa na tope.

"Unitukane," alisema Védaste. "Unipige hapa mbele ya bantu."

"Sina nguvu hiyo."

"Basi kubali nikuoe. Maisha yangu yote nitalipa."

Uwera alimgusa kola, akaacha.

"Ninakupenda, na ndiyo ubaya wake. Nilikuwa najua sauti ya papa. Sasa nikiitafuta ndani ya kichwa, ninasikia violoni zako. Ukisema tu jina langu, zinaanza."

"Zitanyamaza. Nitakuja kwa shangazi yako. Bukavu ninajua kila avenue."

"Ndiyo sababu ninakuomba. Nataka mahali nitakaa kimya, labda sauti ya papa itarudi. Uniahidi hautanifuata."

"Usiniombe hiyo, Uwera."

"Uiseme. Kwa sauti."

Maneno ya kubishana yalimjaa kinywani, yote mazuri, yote makali. Akayameza.

"Sitakufuata," alisema, na askari wa mpaka akageuka kumtazama. "Ninakuapia, Uwera. Sitavuka huu mto kukutafuta."