Nukta Aliyoifuta Jicho

Jirani yetu mmoja alikuwa mchambuzi wa picha za setilaiti, na kazini walimwita Jicho. Mwenyewe alijitania kwamba anaiona dunia nzima ila funguo zake hazioni. Asubuhi moja, kama kawaida, alikaa na chai yake kusafisha picha za joto. Kwenye picha hizo kitu baridi huwa cheusi, chenye joto huwa cheupe. Nukta nyeupe ikijitokeza peke yake porini, huhesabiwa kuwa hitilafu ya mtambo, na wachambuzi huifuta. Alifuta moja, ya pori la mbali, bila hata kuweka kikombe chini.

Jioni mama yake akapiga simu. Mdogo wake Jicho, kitinda mimba wao, dereva wa wapima ardhi, alikuwa amepotelea pori lile lile. Waokoaji walikuwa wameiangalia picha aliyoisafisha Jicho, wakaona hakuna mtu, wakaenda kumtafuta ng'ambo ya mto. Jicho aliwarudisha mbio. Walikuta koti la kijana, na majivu ya moto aliouwasha ili aonekane; mwenyewe hakupatikana. Maji yakimwagika hayazoleki. Jicho alilia mpaka sauti ikamkauka.

Baada ya hapo nukta ikatokea kwenye picha ya bahari. Akaifuta. Ikatokea jangwani. Akaifuta. Kisha ikatokea kwenye picha ya mji wao, juu ya nyumba ya mama.

Alibeba kamera ya joto ya ofisi, akaenda mchana ule ule. Mama alikuwa mlangoni mwa chumba cha kijana, anatabasamu.

"Punguza sauti, mwanangu," alinong'ona. "Mdogo wako kalala."

Kitanda kilikuwa kitupu. Shuka limenyooka. Jicho akalipapasa. Baridi. Akapiga picha.

Kwenye kioo cha kamera, mtu mweupe alikuwa amejikunja kitandani. Mkono mmoja ameuinua. Anapunga.

 Kidole cha Jicho, kwa mazoea ya miaka, kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha kufuta, kikabonyeza.

Mama akaingia, akashika mto, akageuka taratibu.

"Mara ya nne hii," alisema. "Mbona unamfukuza mwenzio?"

Jicho hakuwa amemwambia mtu hata kuhusu ile ya kwanza.

Mama aligoma kula, na wiki haikuisha tukamzika. Jicho aliacha kazi. Wenzake wanasema kila picha ya pori lile sasa ina nukta mbili, zimeegemeana. Hakuna anayezifuta.