Nani Yuko Chini?

Kwanza ujue kwamba mimi siogopi. Waulize wote. Shule niliiacha darasa la sita, nikamwachia mwalimu daftari na dawati lake, nikaenda gereji. Leo injini ikikohoa barabarani, mimi nimelala ndani, nakutajia silinda inayoumwa. Nyumbani wananiita Injinia. Wananitania, najua, lakini gari likiwafia njiani utani wote unakwisha. Kwa hiyo haya usiseme ni maneno ya mwoga. Yalimkuta baba yangu mdogo, nami nilisimama karibu naye kiasi cha kusikia meno yake yakigongana.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida tu. Jua lilikuwa kali, kuku wanaparua mlangoni mwa banda, bibi kaketi kwenye kigoda anachambua mbegu za mahindi. Mle bandani lilikuwamo trekta la marehemu babu. Zamani lilikuwa jekundu. Siku hizi lina rangi ya kidonda kilichopona vibaya. Tangu siku ya msiba, miaka kadhaa nyuma, halikuwa limewashwa. Tulilisukuma kwa mikono, tukalifungia humo, na shamba likaanza kurudi porini kipande kwa kipande.

"Mvua ya mwaka huu inikute shamba limelimwa lote," bibi alisema. "Mkishindwa, niambieni niliuze nikiwa hai."

Baba mdogo alitaka trekta liuzwe chuma chakavu. Nikadhani ni uchungu wa kufiwa. Nikamwambia, "Ba'mdogo, niachie mimi. Nikiifungua hiyo injini na kuifunga, hata walioitengeneza wataniamkia."

Sasa nikueleze desturi moja ya babu, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Trekta lile halikuwashwa na mtu yeyote kabla hajauliza kwa sauti, "Nani yuko chini?" Unauliza, unangoja. Aliye chini anajibu, "Mimi." Asiyekuwa chini hajibu, hata kwa masihara. Kibarua mmoja aliwahi kujibu kwa utani, babu akamkimbiza na mkanda wa feni shamba zima, na mkono wake mwenyewe wa kulia ulikuwa na vidole vinne tu, cha shahada kilikwishaliwa na feni hiyohiyo.

Siku aliyokufa, babu alikuwa chini akikaza nati ya kumwagia oili. Baba mdogo alikuwa juu ya kiti. Trekta lilikuwa kwenye gia. Inatosha, sitaki kuendelea hapo.

"Niliuliza," baba mdogo alituambia huku analia. "Nikarudia kuuliza. Hakujibu."

Basi sote tukakubaliana kwamba masikio ya mzee yalikuwa yamekwisha. Bibi peke yake alikataa. "Mume wangu alikuwa anasikia mchwa wakitafuna nguzo," alisema. Nani angemsikiliza mjane?

Na mimi mwenye mdomo usio na mlango, nikaufanya msiba ule kichekesho. Mtu akiitwa asiitike, nasema, "Huyu ana sikio la babu." Watu wakacheka. Neno likatoka nyumbani likaenda gereji, likatoka gereji likaenda sokoni. Bibi kila alipolisikia aliweka chini alichoshika, akatoka nje. Nilikuwa namwona. Nilikuwa nacheka hivyohivyo.

Tulianza kazi. Nikang'oa silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, nikatoa pistoni. Ringi za pistoni zilikuwa zimekatika vipande, laina zinamochezea zimelika kama meno ya mvuta tumbaku. Tukaweka mpya zote. Baba mdogo aliosha vyuma kwa dizeli, alishika taa, alifanya kila kitu isipokuwa kimoja. Hakuingia chini.

"Mgongo," aliniambia.

"Mgongo gani na wewe bado unacheza namba tisa uwanjani?"

Akarudi kuosha vyuma.

Nikaingia mwenyewe, chali, juu ya gunia. Kuna jambo nililiona nikalipuuza. Kila nikiingia, baada ya muda najikuta nimesogea kushoto. Sikuamua kusogea. Ni kama unavyompisha mtu kitandani ukiwa usingizini.

Siku ya mwisho ilibaki kazi ndogo tu ya kufunga nati ya oili. Niliipachika kwa vidole, ikashika. Ilibaki kukazwa. Nikanyoosha mkono pembeni bila kuangalia.

"Kumi na saba," nikasema.

Spana ikawekwa kiganjani. Ilikuwa ya baridi.

"Asante, ba'mdogo."

Halafu nikamsikia baba mdogo akikohoa. Alikuwa nje, kule kwenye tangi la maji.

Nilitoka chini ya trekta kwa kasi ambayo sikuwahi kuifikia hata mbele ya askari. Spana niliiacha hukohuko. Baba mdogo akaja anafuta mikono, akauliza, "Vipi, umemaliza?"

Wewe ungesema nini? Useme umeikimbia nati kwa sababu umepewa spana? Mimi, Injinia?

"Nimemaliza," nikasema.

Tukamimina oili. Sehemu ya moyo wangu ilijua kwamba nati ile imeshikwa na vidole tu. Injini ikitetemeka kidogo, itafunguka, oili yote imwagike, vyuma vipya visagane mpaka vigande. Shamba la bibi lingeishia hapo. Nilijua, na nikanyamaza. Nikajiambia nitaingia kuikaza baadaye, tukishaisikia inanguruma. Uongo. Sikutaka kurudi chini.

Baada ya chakula cha mchana bibi aliingiza kigoda chake na ungo wa mbegu bandani, aje kuona.

"Keti wewe, ba'mdogo," nikasema. "Wewe ndiye mtoto wake."

"Washa wewe."

"Unaogopa chuma? Mwanamume mzima?"

Akapanda. Akashika swichi. Akaiachia, akafuta kiganja kwenye suruali, nami nikaona nimepata kichekesho cha kufunikia hofu yangu.

"Uliza bwana! Kanuni ya mzee!"

Aligeuza uso, akatazama mlangoni. 

Basi nikauliza mimi. Niliinama, nikaweka viganja mdomoni, nikapaza sauti ya mzaha, bibi yangu ananitazama. "Nani yuko chini? Jibu basi, mwenye sikio la babu!"

Kuku walinyamaza.

"Mimi."

Ilitoka chini. Sauti ya mtu aliyelala chali, kifua kimebanwa. Sauti ya kazini.

"Ngoja. Sijakaza."

Kisha tukasikia chuma. Kri. Kimya. Kri. Kimya. Kri.

Kila iliposikika, trekta lilitikisika kidogo. Niliiona oili kwenye kopo lililo juu ya boneti ikicheza. Hakuna aliyekimbia. 

Bibi alisimama. Mbegu zikamwagika.

"Mmemsikia," alinong'ona. Hakuwa anauliza. "Kiziwi wenu huyo. Mmemsikia?"

Kri.

Baba mdogo aliweka paji la uso juu ya usukani.

"Sikuuliza, mama."

"Sema tena."

"Siku ile. Sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya mpira, wenzangu wananisubiri. Nilikaa nikawasha. Angenijibu. Ningeuliza, angenijibu."

Chuma kikanyamaza.

Tulisubiri. Vumbi lilikuwa linashuka polepole kwenye mwanga wa mlango. Halafu ile sauti, ndogo zaidi, kama ya mtu anayejifuta mikono:

"Haya. Washa."

Baba mdogo alianza kulia kwa sauti. Bibi akamsogelea, akamshika kifundo cha mguu, kwa kuwa ndipo alipofika.

"Umeambiwa washa."

Akatoa gia kwanza. Akaitazama, akaishika tena kuhakikisha. Akawasha. Injini iliitika mara moja, safi, kama vile haikuwahi kulala.

Bibi hakupiga kelele. Alisubiri trekta litoke bandani, ndipo akanigeukia.

"Na wewe, Injinia. Lile neno lako utaliokotaje?"

 Mimi, ninayejibu hata nisiloulizwa, nikainama kuokota mbegu zake.

Baba mdogo alizunguka nyumba kwa nyumba kuutengua uongo wake. Alianza kwa majirani, akamalizia kwa wachezaji wenzake. Wengine hawampi mkono hadi leo, naye halalamiki. Bibi anampikia kama zamani. Mimi nilijaribu kuwakataza watu lile neno langu. Ni kama kuizoa oili mchangani. Juzi sokoni nilimsikia mtoto mdogo, hata hakuwa amezaliwa babu alipokufa, anamwambia mwenzake, "Una sikio la babu." Wakacheka. Nilisimama pale na mkate wangu nisijue pa kuangalia.

Shamba limelimwa lote, na mahindi yamenipita kichwa.

Jioni ya siku ile tuliyoliwasha, niliingia chini ya trekta na tochi. Spana haikuwepo. Niliikuta kwenye boksi la vifaa, kwenye nafasi yake, imefutwa. Nati imekazwa. Nimejaribu kuifungua, nimeongeza bomba refu kwenye spana, nimeita mabaunsa wawili wa gereji. Haisogei. Oili chafu tunainyonya kwa mpira kutokea juu. Na pembeni ya nati, kwenye chuma nilichokipaka rangi mpya mwenyewe, kuna alama ya mkono. Vidole vinne. Nimeisugua kwa dizeli, nimeipaka rangi mara kadhaa. Rangi ikikauka, inarudi.

Siku hizi anayeuliza ni mimi. Nauliza kwa adabu, nangoja, hajibu mtu. Nikiingia chini, nalala kushoto kabisa, nusu ya mgongo wangu ikiwa mchangani.

Gunia namwachia.