Chupa Tatu za Mama Seung-hui

Kila asubuhi, kabla ya wali na supu, Mama Seung-hui alimeza vidonge sita. Vilitoka katika chupa tatu. Kila mtoto wake alimletea chupa yake sikukuu ya mavuno. Zote ziliandikwa kuwa ni za nywele, ngozi na kucha. Kuacha moja kungekuwa kumdharau aliyeileta. Tena walipiga simu.

"Mama, umemeza yangu?"

"Nimemeza, mwanangu."

Lakini nywele zilitoka. Zilijaa kwenye mto. Kucha zilipasuka, mbili zikang'oka. Akaongeza vidonge, vikawa tisa. Nywele zikazidi kutoka.

"Baba Seung-hui, nakufa," alimwambia mumewe, Byeong-tae. "Nipeleke nikapigwe picha ya kuwekwa msibani kwangu kabla kichwa hakijawa boga."

"Boga si linapikwa uji?"

Mama Seung-hui hakucheka. Aligeukia ukutani. Siku hiyo hakula.

Alhamisi alikuja Muuguzi Yun, anayezungukia wazee wa wilaya yao ya Uiseong. Aliinama kumtazama macho, akasita.

"Mama, leo umekula vitunguu saumu?"

"Wiki tatu sijagusa. Tumbo linakataa."

"Mbona pumzi yako inanuka saumu?"

Byeong-tae alicheka. "Binti, hapa tunalima saumu. Hata mbwa wananuka!"

"Ndiyo maana hamkushtuka, mzee. Nileteeni kila anachomeza."

Alizisoma chupa moja moja. "Zote tatu zina madini ya seleniamu. Mwili unataka kidogo sana. Samaki na mayai mnayokula yanatosha. Madini hayo yakizidi ni sumu. Nywele hutoka, kucha huvunjika, pumzi hunuka saumu."

"Watoto wangu wananiua?"

"Wanakupenda, ila hawakuulizana. Majina ya chupa ni tofauti, kilichomo ni kile kile. Acha zote leo. Kesho twende hospitali wakupime damu. Na siku nyingine, kabla ya kuanza kidonge chochote, mwonyeshe mfamasia vyote unavyotumia."

Damu ilipopimwa, seleniamu ilikuwa imezidi mno. Seung-hui, binti mkubwa, alilia kwenye simu mpaka mama yake akambembeleza.

Chupa ziliondoka, ila nywele ziliendelea kutoka. Mwezi mmoja. Miwili. Mama Seung-hui alijifunga kitambaa, hakutoka nje.

"Yule muuguzi alikosea," alisema. "Niacheni."

"Alisema mwili hauharakishwi," Byeong-tae alijibu. Naye alikuwa ameanza kukata tamaa.

Mwezi wa nne tangu vidonge viachwe, Byeong-tae alikuwa akimpaka mkewe mafuta kichwani. Vidole vyake vilikwaruzwa. Akavaa miwani.

"Zinaota! Lakini ni nyeupe tupu, mama."

Mama Seung-hui alipeleka mkono juu taratibu. Akapapasa kwa muda mrefu.

"Ziote hata za kijani," alisema. "Lete supu. Nina njaa."