Magamba Chini ya Mashua ya Baba

Kila bamvua, maji yakipwa hadi mbali, watu wa mashua katika ghuba moja ya Hong Kong walizilaza mashua zao ubavu mchangani. Wanaume walichoma majani makavu chini ya mbao, na kabla mbao hazijapoa watoto walikwangua mwani na magamba ya vijidudu vya baharini vilivyoganda kwenye mbao, kwa vipande vya chuma. Shek Kam-tai, msichana wa miaka kumi na miwili, alipewa sehemu ya karibu na mkuku, ule uti wa chini kabisa wa mashua, ambako mtu hufanya kazi amelala chali huku matope yakimwingia masikioni.

Siku ya sikukuu ya mungu wa bahari, Ngau, mtoto wa mashua ya jirani, alimchungulia.

"We Kam-tai, utaota mizizi huko. Mchezo wa jukwaani umeshaanza."

"Bado hapa chini."

"Nani ataangalia hapo? Samaki?"

Kam-tai akacheka. Alipitisha mwenge juu ya magamba mpaka yakawa meusi, akayapaka deheni, yale mafuta ya kukingia mbao, akakimbia zake. Baba yake alipouliza, alijibu, "Nimemaliza." Kwa kuwa hakugunduliwa, bamvua iliyofuata akarudia, na nyingine tena, hadi magamba yakapandana.

Mwezi wa saba ishara ya kimbunga ikapandishwa kilimani. Mashua arobaini zilikimbilia bandari ya kujikingia. Bandari hiyo ilikuwa na nafasi ya mashua thelathini. Waliojenga walijua idadi yetu sisi watu wa mashua. Walituhesabu wenyewe, kisha wakaliacha eneo kubwa kwa meli za matajiri. Hilo hatukulisahau.

"Hata Mzee Lam anatupita," alisema Bibi, mama yake Baba, aliyeishi nao mashuani. "Na mashua yake imejaa samaki."

"Upepo ni uleule, tanga ni zima," alisema Baba, akisukuma kasia la nyuma. "Kuna kitu kinatushika."

Kam-tai alitazama nyuma. Maji hayakuteleza kando ya mbao. Yalikwama, yakazunguka, yakafanya povu, kana kwamba mashua ilikuwa inaburuta bahari nzima. Alijua kinachowashika. Akageuza uso asimwone Baba.

Walifika wakiwa wa thelathini na moja. Mlangoni mashua zilikuwa zimefungwa ubavu kwa ubavu, na hapakuwa na pa kupenyeza hata mkono. Wimbi likawabamiza kwenye mawe ya ukuta. Baba alimshika Kam-tai. Bibi hakuna aliyewahi kumfikia, akachukuliwa na maji.

Asubuhi mashua ilikuwa imepinduka juu ya mawe, tumbo wazi mbele ya watu wote. Magamba yalikuwa yamejazana mkukuni, meusi kwa moshi. Karani wa bandari akafungua daftari.

"Mashua chafu," alisema. "Nitaandika uzembe."

"Ni mimi, Baba," alisema Kam-tai. "Nilikuwa nachoma tu, sikwangui. Mara tatu."

Ngau akatazama miguu yake. Baba akauchukua mkono wa binti yake, akaupitisha kwenye ubao laini, ukateleza. Akaupitisha kwenye magamba. Ukakwama, ukatoka damu.

"Maji nayo ni hivyo hivyo," alisema. Akamgeukia karani. "Andika uzembe, ni kweli. Halafu andika kwamba sisi ni arobaini na nafasi ni thelathini."

"Hilo si la kuandikwa hapa."

"Basi tutakuja nalo wote, mpaka upate pa kuliandika."

Karani akafunga daftari. Mzee Lam na wengine walikuwa wameshasogea, wakasimama nyuma ya Baba.

Walimzika Bibi. Mbao zilizopasuka majirani walisaidia kuzibadilisha, na Kam-tai akakwangua mkuku wote, vidole vikiwa vimefungwa vitambaa. Baba akaja kuchuchumaa kando yake.

"Usijidanganye, mwanangu. Magamba yako yalitufanya wa thelathini na moja, na hilo utaishi nalo. Lakini tungewahi sisi, wa thelathini na moja angekuwa mtoto wa mtu mwingine. Uvivu wako umeukiri mbele za watu, ndiyo maana nimeweza kumtazama yule karani usoni. Ungeficha, ningemwambia nini?"