Begi Limeshuka, Bibi Harusi Hayumo

— We Winchi, umeganda nini? Shusha mizigo!

Msimamizi wa uwanja alifoka kutoka kivulini. Winchi, mpakia mizigo, alikuwa kainama tumboni mwa ndege, kashika begi la kahawia lenye kitambaa chekundu mpinini. Kitambaa alikifunga mwenyewe. Begi la mchumba wake, fundi cherehani wa mji wa pili. Abiria wote wameshuka. Yeye hayumo.

— Bosi, mwenye begi yuko wapi?

— Kwani mimi ndiye niliyeposa? Nimeambiwa mizigo ishushwe bila maswali, maelekezo kutoka juu.

Kutoka juu! Mke wake wa kwanza alikata roho kwenye benchi la uwanja huu huu, kiti chake cha ndege ya kwenda hospitali kapewa mtu wa huko huko juu.

Akasoma tena meseji ya asubuhi: "Nimeshapanda. Dakika arobaini tu niko kwako. Usisahau kunyoa."

Alikuwa amenyoa. Ndoa ni alasiri hii.

Mzigo hausafiri bila mwenyewe, kila mpakiaji anajua. Sasa huu? Akafungua zipu. Nguo zote alizomnunulia, zimekunjwa vizuri. Kanirudishia?

Akapiga simu. Haipatikani. Alasiri ilipoingia ndipo ikapokelewa na sauti nzito ya kiume.

— Nani?

— Wewe nani? Mwenye simu yuko wapi?

— Amelala.

— Amelala wapi?

— Hapa hapa ubavuni kwangu. Punguza kelele, utamwamsha.

Ikakatika. Akapiga tena, haipatikani. Kichwa kikawa kama kimejaa nyuki.

Binti yake akaja mbio, kavaa nguo za harusi.

— Baba, mama mdogo yuko wapi? Mfungisha ndoa anataka kuondoka.

— Amelala.

— Leo?

— Ubavuni kwa mwanamume.

Binti alicheka, akaona uso wa babake, akakikata kicheko.

— Baba, mtu anayekuacha hakuambii unyoe. Ngoja nikamfichie yule mfungisha ndoa viatu, asiondoke.

Jua lilikuwa limeshalegea lori la saruji liliposimama getini. Akashuka mwanamke mweupe kwa vumbi, kuanzia nywele hadi kucha.

— Mume wangu, wametushusha njiani! Ndege imetua uwanja wa katikati kumchukua mkubwa na wapambe wake. Tukaambiwa watatu tuwapishe. Hata mizigo hawakushusha, eti mkubwa ana haraka. Mtandao pale hakuna, nimedandia lori.

— Na huyo uliyelala ubavuni kwake?

Dereva, mzee asiye na meno ya mbele, akatoa kichwa dirishani.

— Mkeo anakoroma, bwana. Redio yangu mbovu, nimekuja nikisikiliza mkoromo huo.

Winchi hakujua acheke au alie. Akafanya vyote.

— Nilidhani umenirudishia nguo.

— Ningekurudishia, ningezileta mwenyewe nikutupie usoni!

Msimamizi akasogea, anajikuna shingo.

— Kiofisi lakini, safari ni dakika arobaini.

— Kwa mkubwa, — alisema Winchi. — Sisi wengine hatufiki kabisa.

Mfungisha ndoa alikuwa bado yupo, peku, amenuna. Binti akamletea fundi begi abadili nguo. Fundi akalisukuma pembeni.

— Begi baadaye. Nioe hivi hivi na saruji yangu, kabla wakubwa hawajatua tena.

Dereva wa lori ndiye aliyekuwa shahidi.