Fundo la Nne

Jirani yangu, fundi wa kushona viti vya magari, umbea anao kama mimi, lakini uongo hana. Kwa hiyo haya yapokeeni kama nilivyoyapokea.

Jumamosi moja asubuhi alifuatana na mumewe, kinyozi, kwenda kuchagua gari. Si gari la watu wenye akili zao. Mume alitaka lile la mbio la zamani, la chini chini, boneti ndefu, viti viwili tu. La asili halipatikani, lakini yupo fundi anayeyaiga: anachukua chasi ya gari jingine, anaivisha bodi mpya ya fiberglasi.

"Baba, gari la kuingia kwa kutambaa, na mgongo huo?" mke alimtania njiani.

"Nikikwama utanivuta."

Gereji ilikuwa safi, inanukia rangi. Yalikuwepo mawili, jekundu na la kijani. Jekundu kinyozi alilizunguka mara moja. La kijani alilizunguka mara tatu, akaushika usukani taratibu kama anashika kichwa cha mteja. Mkewe akajua hapo hakuna tena cha kuchagua.

Yeye aliangalia viti. Cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma hadi mwisho. Akakivuta mbele, maana mumewe ni mfupi, kisha akaenda kukagua mshono wa kiti cha pili. Aliporudi, cha dereva kilikuwa nyuma tena.

"Nani mrefu hapa?"

"Hakuna, mama," fundi akajibu. Mwenyewe alimfikia kinyozi begani. "Reli mpya hiyo, inateleza."

"Na viti?"

"Vipya. Kila kitu kipya isipokuwa chasi."

"Chasi ya gari gani?"

"La mtu tu," fundi akasema, akitazama viatu vyake.

Basi, jirani yangu huyu ana desturi yake. Kila kiti anachoshona hukifunga kwa chini, pasipoonekana, kwa mafundo matatu ya uzi wa buluu. Hajamwonyesha mtu. Kiti kimoja tu maishani alikiongezea fundo la nne, kwa utani: cha kaka yake, kwa sababu ya ile miguu yake mirefu. Alimwahidi kaka kwamba safari ya kwanza watakwenda wote. Siku ilipofika, akamwambia tangulia, nina kazi ya mteja. Kaka hakurudi. Gari lake dada mtu aliliona kwa macho yake likibanwa kwenye mashine ya vyuma chakavu, viti na vyote, hadi likawa kama sanduku.

Sasa pale gereji akapiga magoti. Akapitisha mkono chini ya kiti cha dereva, akapapasa.

Moja. Mawili. Matatu.

Akataka kuutoa mkono. Kidole kikagusa jingine.

Alipoinuka, mumewe alikuwa ameshajipenyeza ndani. Injini ilikuwa inaunguruma. Mlango wa upande wa pili ulikuwa wazi, unamsubiri mtu aingie.

"Zima," mke akanong'ona. "Zima, ushuke."

"Sijawasha," mume akanong'ona naye. Alikuwa amenyoosha miguu yote. Pedali hakuzifikia. "Mama nanihii, mimi sijawasha."

Alimvuta kwa kola. Mgongo ukalia, mtu akatoka. Waliondoka bila kuaga, na fundi hakuwauliza wanakwenda wapi. Hilo ndilo linalomtia shaka mpaka leo.

Jumatatu asubuhi kinyozi akafungua duka. Kiti chake cha kunyolea kilikuwa kimeshushwa hadi chini kabisa, vile anavyokishusha akija mteja mrefu. Akakipandisha. Akageuka kuchukua taulo.

Kilikuwa chini.

Akamwita mkewe. Kiti kile kilinunuliwa kikiwa tayari, mkono wa mkewe haujawahi kukigusa. Mama wa watu akapiga magoti, akapapasa, akainama, akachungulia.

Uzi wa buluu. Mafundo manne.

La nne lilikuwa bado halijakazwa.