Nenosiri Jipya

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi cherehani, na alinisimulia huku akipiga pasi.

Binti yake hucheza gemu mtandaoni kwenye simu na wenzake wanne. Tangu baba yake afariki ajalini, hana marafiki wengine. Jumamosi moja mchana intaneti ilikuwa ikikatikakatika, nao wakamwonya: ukipotea tena, tunakutoa kwenye timu.

"Mama, nisaidie, wataniacha."

Rafiki yangu akazima ruta, akaiwasha. Hali ileile. Akampigia fundi wa mtandao.

"Dada, chomeka kompyuta kwa waya, ufungue orodha ya vifaa vinavyotumia Wi-Fi yako. Kuna mtu anakula intaneti yako."

Mapazia yalikuwa yamefungwa, chumba kina giza, ruta inavuma kama nzi ndani ya chupa. Kwenye orodha aliona simu yake, simu ya binti, na chini yake "Mwenye Nyumba". Hilo ndilo jina marehemu aliloipa simu yake, ile iliyosagika pamoja naye barabarani.

"Hata alipokuwa hai hakutuachia kitu," rafiki yangu aliniambia, wala hakucheka.

Fundi akasema, "Badilisha nenosiri, wote watatoka."

Akalibadilisha. Hakulitamka, hakuliandika popote. Orodha ikabaki tupu.

"Tayari, mama? Nitajie."

"Ngoja kidogo."

Kabla hajafungua mdomo, ruta ikalia, tik, na taa moja ikawaka. Kwenye orodha likatokea jina moja tu: Mwenye Nyumba.